Sentimita Arobaini na Mbili

Jumatatu, 2 Septemba

Daftari langu, niwie radhi. Majuma tisa sijakuandikia neno. Si uvivu. Sikuwa na la kuandika isipokuwa aibu, na mimi aibu siiandiki mpaka nimeipatia dawa. Leo dawa imepatikana.

Aibu yenyewe ni hii. Gari letu ni la juu. Nililinunua nilipokuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, nikizunguka na mawe ya kupimia kwenye njia mbovu, na lilinifaa. Sasa nimestaafu, na goti la kulia la mke wangu nalo limestaafu. Majuma tisa yaliyopita, mbele ya ukumbi wa arusi, alishindwa kupanda. Nikamsukuma kwa nyuma. Kwa mikono miwili, kama mtu anayepakia gunia. Waalikwa wakacheka. Hata bwana arusi alicheka. Nyumbani mke wangu akasema hatapanda gari lile tena, na tangu siku hiyo hajavuka lango.

Maana yake amekosa Jumamosi mbili za kwenda kwa dada yake. Dada mtu ana miaka themanini na moja. Macho yamefifia, vidole bado vinaona. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi husukana nywele, yeye na mdogo wake, na mke wangu haruhusu mkono mwingine uguse kichwa chake. Miezi miwili sasa amejifunga kitambaa. Anasema ni baridi. Hakuna baridi.

Jumamosi ijayo ni tarehe saba. Nimekata kauli: gari litashushwa. Kimya kimya. Ataingia mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kama anavyokaa kwenye kiti chake cha sebuleni, ambacho hukisifu kila siku kwamba hakijampa shida hata mara moja. Kiti hicho ndicho kipimo changu.

Redio ilipomaliza habari nikampa mkono, tukaenda mezani. Hajui lolote.

Jumanne, 3 Septemba

Nimepima. Kiti cha sebuleni: sentimita arobaini na mbili kutoka sakafuni, yeye akiwa amekikalia, maana kiti kitupu hutoa kipimo cha uongo. Ilinibidi nipige magoti ubavuni pake na utepe. Akaniuliza kama ninampima jeneza. Nikajibu kwamba natafuta kifungo. Akasema shati langu halina kifungo kilichopungua. Nikaondoka kwa heshima.

Kiti cha gari: sitini. Tofauti: kumi na nane.

Nikaenda kwa fundi. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono kama koleo, na ananiita mzee wangu. Nilipomwambia nataka kushusha gari, alichungulia nyuma yangu aone nimekuja na mjukuu yupi. Nikamwambia ni mimi. Akakaa juu ya tairi.

Alinieleza vizuri, sina budi kumsifu. Naweza kukata springi nilizo nazo: ni kazi rahisi, na baada ya hapo gari litaruka kama mbuzi. Naweza kununua springi zilizoundwa fupi: gari litatulia, lakini kimo chake hakitarekebishika tena. Au nichukue shokapu zenye nyuzi za skrubu, zenye bangili ya chuma unayoizungusha kwa spana, gari likapanda au kushuka milimita kwa milimita.

Milimita kwa milimita! Nilichagua kabla hajafunga mdomo.

Akasema springi zitatoa sentimita kumi tu, la sivyo tumbo la gari litalima barabara. Nane zilizobaki atazipata kwa kukata fremu iliyo chini ya kiti cha abiria. Kisha akauliza, kwa upole, kwa nini nisiishie hamsini, ambapo wazee wengi hukaa na kuinuka bila taabu. Nikamwambia kwamba arobaini na mbili ni arobaini na mbili. Watu wasiosomea vipimo hupenda kukadiria.

Habari, mkono, chakula.

Jumatano, 4 Septemba

Siku ya magurudumu na ya hasira.

Hasira kwanza. Jirani yetu tunamwita Kanali, ingawa jeshi amelisikia redioni tu. Alikuwa karani wa posta. Ana gari dogo la chini, analiosha kila asubuhi kama mtoto mchanga. Leo alikuja kukaa barazani petu bila kukaribishwa, akasema amesikia shemeji yake amekwama nyumbani, na kwamba Jumamosi yeye ana nafasi. Gari lake, alisema, mtu haingii kwa kupanda. Anaingia kama malkia. Akanitazama. Mke wangu akamshukuru, akasema atafikiria.

Atafikiria. Na saa sita alibadilisha kitambaa, akafunga chenye maua.

Sasa magurudumu. Fundi amesema matairi yangu ya zamani ni mapana mno, gari likishuka yatasugua ukingo wa bodi. Akapendekeza magurudumu madogo. Nitapata sentimita tatu zaidi bila jasho. Nikauliza kipimamwendo kitasemaje. Akakiri: gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi, hivyo mshale utasema themanini nami nakwenda sabini na tano.

Nilimtazama mpaka akaacha kutafuna. Nimewahi kufunga duka la mtu kwa sababu ya jiwe la kilo lililopungukiwa gramu nne. Leo nipande gari lenye chombo kinachodanganya? Nikasema gurudumu jipya litakuwa na kimo kile kile cha la zamani, ila liwe jembamba.

Dukani kulikuwa na aina moja tu ya namna hiyo. Rimu kubwa, tairi la mbavu fupi. Rimu zinang'aa kama sinia jipya na zina mabawa kumi. Niliona uso wangu ndani yake mara kumi. Muuzaji akaniambia kuwa wateja wa rimu hizi kwa kawaida hupaka breki rangi nyekundu. Nikakataa. Nikafikiri kidogo. Nikakataa tena.

Alhamisi, 5 Septemba

Gari liko kwa fundi. Nyumbani nimesema ni breki.

Mke wangu akaniuliza, kama gari halina breki, si afadhali amjibu Kanali kwamba ndiyo? Sikuwa nimeliona shimo hilo. Nikamwomba asimjibu. Akauliza kwa nini. Nikasema ni siri. Akasema kumbe, basi na yeye atakuwa na siri.

Siku nzima aliimba jikoni. Sikupenda.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeandika tarehe mara mbili na kuifuta. 

Saa nne nililichukua gari. Nilipima kwa mkono wangu mbele ya fundi: arobaini na mbili kamili. Nikapima tena kwa furaha tu. Fundi akanifundisha kuvuka matuta kwa mshazari, gurudumu moja moja, akaniambia niendeshe kama nimebeba mayai.

Langoni petu pana kizingiti cha saruji. Gari likakikwaruza. Sauti ilikuwa ndefu na kila mtu aliisikia. Kanali akatokea na ndoo yake, akalizunguka gari mara mbili, akauliza:

"Mzee mwenzangu, umeanza mashindano, au ujana umekurudia?"

Nilifungua mlango wa abiria, nikasimama wima pembeni kama bawabu. Mke wangu akatoka. Alitazama rimu. Alinitazama mimi. Akatazama rimu tena, akajiona mara kumi, akarekebisha kitambaa. Kisha akageuka, akakaa. Hivyo tu. Bila kigoda, bila kusukumwa. Akavuta miguu ndani, kwanza mmoja, halafu wa pili, akaweka mkoba wake mapajani kama ilivyokuwa zamani. Kanali aliweka ndoo chini.

Laiti ningeishia hapo kuandika.

Nikamwomba ashuke, ili tufanye jaribio kamili. Akajisukuma mbele. Hakuinuka. Akajisukuma tena. Mara ya tatu alicheka kidogo, kile kicheko chake cha aibu. Nikatoa utepe. Nikapima, yeye akiwa ndani. Arobaini na mbili! Nikamwambia haiwezekani, hakuna kosa lolote, hiki kiti na kile cha sebuleni ni sawasawa kabisa, na kutoka kile anainuka kila siku.

"Nani amekwambia nainuka?" akasema. "Unaniinua wewe. Kila jioni, habari zikiisha. Mwaka wa pili huu."

Nilibaki na utepe mkononi. Niliutoa mkono ule kwa heshima ya desturi tu, kama mtu anavyovua kofia. Sikujua kwamba ulikuwa unabeba kitu. Miaka thelathini nimepima mawe, pishi na nguo za watu, na jioni mia saba nimemwinua mke wangu bila kuuona uzito.

Nikaanza kumwomba radhi. Akaniambia niache maneno.

"Lete mkono."

Nikampa. Akainuka. Kanali alikuwa anatazama, na majirani wawili nyuma yake, na hakuna aliyecheka, kwa sababu hapakuwa na cha kuchekesha: mwanamke ameshuka garini na mumewe amempokea. Akajikung'uta sketi. Akamwambia Kanali asante sana, shemeji, kesho nina usafiri.

Siri yake, kumbe, ilikuwa hiyo. Tangu Jumatano alikuwa amekwisha kukata kauli kwamba hatapanda gari la Kanali. Kitambaa cha maua kilikuwa zawadi ya dada yake, hakikumhusu Kanali.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumekwenda. Kilomita arobaini, na kipimamwendo kimesema kweli njia nzima.

Kila tuta nilivuka kwa mshazari. Kila tuta likatukwaruza hata hivyo, na kila tukikwaruzwa mke wangu aliliambia gari pole. Kwenye njia ya kwa dada yake wakazi wamejenga matuta matatu. La kwanza tulipita. La pili tulipita kwa kelele. Juu ya la tatu gari likakaa kama kuku anayeatamia. Magurudumu ya mbele yalikuwa upande mmoja, ya nyuma upande mwingine, na hakuna lililokubali kusogea.

Mke wangu akauliza sasa inakuwaje. Nikamweleza kwamba ndiyo sababu nilichagua skrubu: unachukua spana, unazungusha bangili, gari linapanda milimita kwa milimita. Akauliza spana iko wapi. Iko kwa fundi.

"Lete mkono," akasema.

Tukatembea. Hatua mia tatu na kumi na mbili. Alisema naenda haraka. Nikasema naenda mwendo mmoja usiobadilika. Akasema basi nibadilishe. Nikabadilisha. Akaniegemea zaidi. Akanisimulia majuma yote tisa, nani alipita dirishani na nani alikohoa, mambo ambayo nilidhani nayajua kwa kuwa nilikuwa chumba cha pili. Hatukuwa tumetembea pamoja umbali huo tangu sikumbuki lini. Utepe sikuutoa mfukoni.

Dada yake alikuwa mlangoni na kitana mkononi. Hakutuona, lakini alitega sikio.

"Huyo ni mdogo wangu," akasema. "Na huyo anayehesabu hatua ni shemeji."

Wakakaa. Kitambaa kikatoka. Nywele zimekuwa nyeupe mbele, pale juu ya paji. Miezi miwili iliyopita hazikuwa hivyo, na mimi sikujua. Vidole vya dada mtu vikaingia, vikasimama kidogo, vikaanza kazi. Nikatoka nje kwenda kuliangalia gari. Kutoka pale gari halikuonekana. Nililiangalia kwa muda mrefu.

Jioni wapita njia wanne walilinyanyua. Mmoja akauliza ni la mjukuu wangu yupi.

Jumapili, 8 Septemba

Nimelala vizuri na nimeamka na ufumbuzi.

Kosa letu lilikuwa kushughulika na gari wakati shida ni kiti. Fundi ameniambia kuna viti vya mota. Unabonyeza kitufe, kiti kinageukia mlangoni, kinatoka nje, kinapanda taratibu mpaka mtu amesimama. Hakuna mkono wa mtu unaohitajika. Ifikapo Jumamosi ya mwezi ujao mke wangu atakuwa ameachana kabisa na haja ya kunitegemea! Na kifaa hicho kikituridhisha, sioni kwa nini tusiweke kingine sebuleni.

Nilimweleza baada ya chakula cha mchana. Nilimchorea. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akigusa misuko yake mipya, halafu akauliza:

"Na mkono wako utakuwa unafanya kazi gani?"

Nikamwambia utakuwa huru, utabeba mkoba. Akaniomba niwashe redio.

Habari za jioni zilipoisha nikampa mkono, akainuka. Nimeona, na naiandika hapa kwa kumbukumbu, kwamba leo alinishika kwa nguvu kuliko siku zote, na hakuniachia mpaka tulipofika mezani, wala baada ya kukaa. Huenda goti limezidi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuharakisha mota.

Kuna jambo moja la kuamua. Kiti hicho ni kizito; fundi anakadiria kwamba gari litashuka sentimita mbili zaidi, hivyo ama nikaze bangili za skrubu, ama nitafute springi ngumu. Kanali naye amekuja kuuliza nilinunua wapi rimu. Nimemwambia nimesahau.

Springi au skrubu. Nitaandika nikishaamua.