Foleni Mbili za Umoja

TANGAZO KWA WAKAZI WOTE wa mji wa Pell Creek, Nebraska: umoja wa wananchi utaanza rasmi Sikukuu ya Uhuru, tarehe nne Julai, saa moja kamili asubuhi. Kila mkazi afike na utepe wake. Watakaochelewa watahesabiwa kuwa wamegawanyika.

Tangazo hilo lilibandikwa na Bwana Durward Haskett, Mkurugenzi wa Ofisi ya Umoja, ambaye pia alikuwa karani na mfagiaji wa ofisi hiyo. Ofisi ilikuwa ya majaribio. Jimbo lingeifanya ya kudumu endapo mji ungeonyesha umoja kamili, na juu ya hapo mji ungetunukiwa ngao ya shaba iliyochongwa neno UMOJA. Durward alikuwa amekwisha kupigilia msumari ukutani, mahali pa ngao. Kila asubuhi aliutazama msumari ule kabla ya kunywa kahawa.

Alikuwa mtu makini. Alifahamu kwamba huwezi kuwaunganisha watu kabla hujajua wamegawanyika vipi, kwa hiyo kwa miezi mitano alipita nyumba hadi nyumba akiuliza nani humpigia nani kura. Warepublikan, watu wa nembo ya tembo, aliwapa utepe mwekundu. Wademokrati, watu wa nembo ya punda, akawapa wa buluu. Wapiga kura walikuwa mia nne na kumi na watatu, akiwemo yeye mwenyewe, maana hakupenda hesabu yenye upendeleo. Kazi ilikwenda vizuri. Ugomvi ulizuka katika nyumba kumi na moja tu, tena nyumba zilizokuwa zikiishi kwa amani isiyo na takwimu.

Ikabaki kasoro moja. Kila sikukuu ile, watu wa zimamoto wa kujitolea huyatoa magari yao nje, na ndani ya banda huwakaangia wakazi chapati za maji na soseji bapa. Foleni ni moja tangu enzi za babu zao. Durward alipoichunguza foleni hiyo aliingiwa na hofu. Tembo na punda walikuwa wamechanganyika bila kuratibiwa na mtu yeyote.

Akamwendea Bi. Lorna Bixby, mkuu wa zimamoto, aliyekuwa akigeuza chapati zile kwa miaka ishirini na sita.

"Foleni mbili?" Lorna aliuliza. "Durward, mimi nina bamba moja la kukaangia."

"Wekundu kushoto, buluu kulia. Mbele wanakutana wawili wawili, wanakula sahani moja. Huo ndio umoja, Bi. Lorna."

"Na foleni ikiwa moja?"

"Ikiwa moja, ofisi itaunganisha nini?"

Lorna akamtazama kama anavyotazama moshi, kwanza ajue unatoka wapi.

Siku ikafika. Durward alichora mstari wa chokaa katikati ya banda, watu wakajipanga huku na huku. Mzee Ansel Voight akamwona jirani yake, Hub Tredway, ng'ambo ya mstari.

"Alaa! Hub, kumbe wewe punda! Miaka thelathini unalima na trekta langu!"

"Linavyokohoa, nilijua tu mwenye nalo ni tembo."

"Lirudishe basi, likakohoe kwangu."

"Njoo ulichukue, kama goti litakufikisha!"

Wakacheka, lakini safari hii kila mmoja alicheka na upande wake. Durward akaandika: "Mazungumzo yameanza."

Kisha buluu wakaisha. Wekundu tisini walibaki wamesimama na njaa, hawana wenza wa sahani, na utaratibu haukumruhusu mtu kuungana peke yake. Durward akapanda kiti.

"Ndugu wananchi, naomba watu arobaini na watano wajitolee kuwa buluu. Ni mpaka mwisho wa kifungua kinywa tu."

"Nife kwanza!" Ansel alipaza sauti.

"Usife, mzee, soseji inapoa," Hub akamjibu, mdomo umejaa.

Wakati Durward anapima upya foleni kwa futi kamba, Lorna alichana mfuko wa unga, akaandika juu yake kwa mkaa: *Sisi tuliotia sahihi hapa chini hatuitaki Ofisi ya Umoja.* Mfuko ukazunguka. Ulivuka mstari wa chokaa mara nyingi, na kila aliyeuvuka nao aliufuta kidogo kwa viatu. Hub alimpa Ansel mgongo wake autumie kama meza.

Ndipo alipoingia Bi. Perrine Odell, mkaguzi kutoka makao makuu ya jimbo, ngao ikiwa kwapani. Akauchukua mfuko, akausoma, akahesabu sahihi, akahesabu tena.

"Bwana Haskett, sijapata kuona makubaliano kama haya. Mia nne na kumi na wawili! Ngao ni yenu. Lakini masharti yanasema umoja kamili, na kuna mtu mmoja anayeugawa mji."

"Nani huyo?" Durward akauliza upesi, kalamu tayari.

Mkaguzi akamgeuzia mfuko.

Durward aliitazama ngao. Akaukumbuka msumari. Akakumbuka pia kwamba ukuta wenye msumari ulikuwa wa ofisi hiyo hiyo isiyotakiwa. Kisha akatia sahihi, kwa mwandiko mzuri kuliko wa wote.

Watu wakampigia makofi, jambo ambalo halikuwahi kumpata. Akanyoosha mikono apokee.

"Samahani," alisema mkaguzi. "Ngao hukabidhiwa Mkurugenzi wa Ofisi ya Umoja. Na ofisi hiyo imefutwa sasa hivi."

"Nipe mimi," alisema Lorna. Akaiosha ngao, akaigandamiza juu ya soseji zilizokuwa zikijikunja. Ilikuwa na uzito wa kutosha.

Durward akabaki katikati ya banda. Mstari wa chokaa ulikuwa umekwisha kufutika.

"Nisimame upande gani?" aliuliza.

"Nyuma," alisema Ansel.

Zamu yake ilipofika, soseji yake ilikuwa imechapwa neno UMOJA, herufi zikiwa kinyume. Akalisoma mara mbili, akaomba shira.