Injini Nne za Mheshimiwa Dominick

Ndugu msomaji, nakuomba kwa heshima zote, usimwoneshe mtu karatasi hizi. Usizipige picha. Usizitume kwenye kundi lolote la simu, hata lile la familia, maana nina shangazi katika makundi matatu na hajawahi kunyamaza katika hata moja. Ukimaliza kusoma, zichane, na kama una jiko linawaka, vizuri zaidi.

Mimi ni karani wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Uendelezaji wa Injini, hapa Kilwa Masoko. Kazi yangu ni kuandika hotuba za Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Dominick Imani, kisha kukaa kando ya jukwaa na kuandika katika mabano jinsi wananchi walivyozipokea. Jumatatu niliagizwa niiandike upya hotuba ya Jumamosi, niondoe ukurasa wa mwisho na mahali pake niweke makofi. Kabla sijafanya hivyo nimenakili ile ya kweli.

Ili usipotee, jua mambo mawili. Miaka mitatu iliyopita kamati iliazima injini ya boti ya zahanati ya Songo Mnara kwa wiki mbili. Ni injini ya gari, silinda sita, imetengenezwa Australia. Ilikuja ndani ya pikapu ya watu waliokuwa wakipima miamba huko Likawage. Pikapu ikafa, fundi Mfaume akaichomoa injini akaifunga kwenye boti. Tangu tuiazime, muuguzi mkunga wa kisiwani, Maimuna, anawavusha wajawazito hadi Masoko kwa makasia. Jumamosi injini hiyo ilikuwa ifungwe juu ya msingi wa zege katikati ya uwanja, ibaki hapo kama kumbukumbu daima. Lakini kwa kuwa ni mali ya kijiji, ilibidi wananchi waridhie kwa kunyoosha mikono. Zege lilikuwa limeshakorogwa.

Nilisema mawili, samahani, yapo matatu. Huku kwetu ukimsahau mtu kwenye shukrani, anaweza asikuitikie salamu mpaka Idi ijayo. Mwaka jana Mheshimiwa alimsahau mwenye viti vya kukodisha, na tangu hapo kwenye mikutano yetu watu husimama. Kwa hiyo safari hii aliniagiza niandike kila aliyegusa mradi huu, na alichofanya, nisiache hata mmoja. Niliandika. Yeye huwa hasomi hotuba kabla ya siku yenyewe. Husema inapoteza ladha.

Hotuba ni hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu ni mimi. Ndugu Makamu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kamati. Ndugu Wajumbe, Wajumbe Waalikwa na Wajumbe Waliojialika. Waheshimiwa Viongozi wa Dini mliofika na mliotuma udhuru. Wataalamu wetu kutoka Australia, ambao tuko nao kimawazo. Wadau wa injini, wadau wa mafuta ya injini na wadau watarajiwa. Ndugu zangu wa Njinjo mliokuja kwa lori, ndugu zangu wa Likawage mliokuja kwa lori hilohilo liliporudi, ndugu zangu wa Songo Mnara mliokuja kwa makasia. Mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naagiza izingatiwe. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale wengine, habari za asubuhi.

(Wanaitikia zote tatu. Ni saa nane mchana.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, furaha ambayo imefanyiwa upembuzi yakinifu, kuwatangazia kwamba ule mchakato shirikishi, jumuishi na wa kimkakati wa kuendeleza familia ya injini za Kiaustralia katika ukanda wetu huu wa Kilwa na Lindi, mchakato ambao watu wenye macho mafupi walisema hautafika popote, leo umefika hapa uwanjani.

(Makofi kutoka kwa wajumbe. Wananchi wanatazama kitu kilichofunikwa shuka ya kitanda jukwaani.)

Mimi binafsi, kama mnavyonifahamu, si mtu wa kujisifu, na hilo ni jambo moja ninalojisifia. Nilijifungia ofisini miezi mitatu nikisoma historia ya Australia. Nikagundua kwamba wenzetu wale hawakukurupuka. Walianza na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, wakaipaka rangi ya kijivu. Wakaiendeleza, ikawa nyekundu. Wakaiendeleza tena, ikawa bluu. Wakaiendeleza kwa mara ya mwisho, ikawa nyeusi. Nikajiuliza, ndugu zangu, kama Australia imeweza, Kilwa inashindwa nini? Sisi rangi tunazo.

(Kicheko upande wa mafundi. Fundi Mfaume anaomba kusema, anaambiwa muda wa maswali haumo kwenye ratiba, anasema hivyohivyo. Anaeleza kwa utulivu kwamba ile ya kijivu shafti yake kuu ilikaa juu ya beringi nne, na nyekundu ikapewa saba, ndiyo maana haikutetemeka. Kwamba ile ya bluu walibadilisha kichwa, kila silinda ikapata njia yake ya kupumulia. Na ile nyeusi, baadhi yake ziliwekewa kompyuta ya kupima petroli. "Rangi, Mheshimiwa, walipaka ili fundi asichanganye vipuri." Anakaa.)

Namshukuru sana mzee wangu kwa mchango wake, nao umechukuliwa, na utafanyiwa kazi na kamati ndogo. Tuendelee. Katika Awamu ya Kwanza tuliipata ile ya kijivu. Katika Awamu ya Pili tulizindua injini nyekundu, nyote mliiona picha. Awamu ya Tatu, injini ya bluu, nayo mliiona picha. Na leo, Awamu ya Nne, mtoto wa mwisho, nyeusi, ambayo hamtaiona kwa picha bali kwa macho. Yaani kutoka injini moja hadi injini nne, sawa na ongezeko la asilimia mia nne, ambapo mia tatu ni za kitaalamu na mia moja ni za uzalendo.

(Makofi. Mwalimu mmoja anahesabu kwa vidole na kuacha.)

Mtaniuliza, na ni haki yenu ya msingi, hizo tatu nyingine ziko wapi. Ziko Njinjo, katika karakana ya kisasa.

(Watu wa Njinjo wanatazamana. Mmoja anasema kwamba Mheshimiwa alipokuja kwao mwezi wa Saba aliwaambia karakana iko Likawage. Watu wa Likawage wanasema wao waliambiwa iko Songo Mnara. Watu wa Songo Mnara wanatikisa vichwa. Mheshimiwa anakunywa maji.)

Ndugu zangu, hiyo ndiyo maana halisi ya karakana tembezi. Mnafikiri kizamani, kwamba jengo likae mahali pamoja. Dunia imetoka huko.

(Wajumbe wanaliandika neno hilo.)

Na hatujaishia hapo. Wenzetu wa Australia walifika mahali wakaichukua injini yao ya silinda sita wakapunguza mbili, wakapata mdogo wake wa silinda nne. Hii si hadithi, ni historia. Nasi katika Awamu ya Tano tutaikata hii tuliyonayo. Tunatafuta msumeno.

(Mfaume anasimama, anashikwa bega na jirani yake, anakaa. Maimuna, muuguzi mkunga wa Songo Mnara, ananyoosha mkono. Mheshimiwa anadhani ni mkono wa kuridhia na kusema huo ni wa kwanza, uandikwe. Maimuna anasema si wa kuridhia, ni wa kuuliza. Anaruhusiwa kwa dakika moja.

Anaanza na shikamoo, anajibiwa marahaba. Anaeleza kwamba kwa injini walikuwa wakifika Masoko kabla chai haijapoa kwenye chupa, na sasa makasia huchukua nusu siku maji yakiwa mazuri. Anasema mwezi uliopita Binti Salumu alijifungua katikati ya mkondo, akiwa ameng'ang'ania mguu wa mpiga kasia, na damu haikukatika mpaka walipofika hospitali. Wote wawili wazima, anamshukuru Mungu. Ila kisiwani sasa hivi kuna wajawazito wengine wanne, na mmoja wao mimba imekaa vibaya.

"Mheshimiwa baba, mimi sina neno na familia yako ya injini. Nataka kujua tu, huyu wa wiki ijayo nimpakie kwenye ile ya bluu au ile nyekundu?")

Dada yangu, umeuliza swali zuri sana, swali la kimkakati, na majibu yake yamo ndani ya andiko la mradi. Kwa kifupi niseme hivi. Injini ikiwa ndani ya boti inahudumia mtu mmoja mmoja. Ikiwa juu ya zege inahudumia taifa zima kwa wakati mmoja, kwa njia ya kutazamwa. Sasa naomba tuiridhie kwa kunyoosha mikono, mafundi wa zege wananisubiri, zege halisubiri mtu.

(Mikono ya wajumbe, saba. Mikono ya wananchi, hakuna. Mjumbe mmoja ananong'ona kwamba waanze na shukrani kwanza, watu wakitajwa majina watalainika. Mheshimiwa anakubali. Anafungua ukurasa wa mwisho. Shuka inaondolewa. Injini ni nyeusi, inang'aa.)

Ndugu wananchi, mradi mkubwa kama huu hauwezi kufanywa na mtu mmoja, ingawa nilijaribu. Kwa moyo mkunjufu namshukuru ndugu Idd, fundi wetu wa kuandika mabango ya maduka, ambaye mwaka wa kwanza aliipaka injini hii rangi nyekundu, mwaka wa pili akaikwangua na kuipaka bluu, na Jumatano iliyopita akaikwangua tena na kuipaka nyeusi, kwa mikono yake mwenyewe na bila kumwambia mtu, kama alivyoelekezwa.

(Idd anasimama na kupunga mkono. Makofi machache, yanakoma. Mheshimiwa anainua uso na kunitazama. Mimi natazama kalamu. Anakunja karatasi na kusema shukrani nyingine zitatolewa kwa maandishi. Jenipher, mpiga picha, anasema kwa sauti ya upole kwamba yeye bado hajatajwa. Mwenye turubai anasema na yeye. Mwenye viti, ambaye safari hii ameleta viti, anasimama na kushika kimoja kana kwamba atakiondoa. Mheshimiwa anaikunjua karatasi.)

Namshukuru... namshukuru dada Jenipher, aliyeipiga picha injini moja kutoka pande tofauti ili zionekane nne.

(Jenipher anasema asante.)

Namshukuru mwenye ghala la korosho la Njinjo, aliyekubali mlango wa ghala lake uandikwe neno Karakana kwa muda wa kupiga picha. Nawashukuru wataalamu kumi na wawili wa Australia, ambao majina yao hayamo kwenye faili kwa kuwa barua ya kuwatafuta haijaandikwa. Nawashukuru wajumbe wa kamati ndogo kwa vikao arobaini na kimoja ambavyo ajenda yake ilikuwa kupanga kikao kinachofuata. Namshukuru mwenye turubai kwa turubai.

(Mwenye turubai anaridhika.)

Na kwa umuhimu wa pekee nawashukuru wananchi wa Songo Mnara, waliotuazima injini yao kwa wiki mbili, ambayo ndiyo injini pekee iliyowahi kuwepo katika mradi huu, na ambayo kwa mujibu wa hati ya kuazima, yenye sahihi yangu, inarudishwa siku yoyote watakapofika wenyewe kuichukua.

(Mfaume anamuuliza Maimuna kama amesikia. Maimuna anasema amesikia. Mfaume anamuuliza Mheshimiwa, kwa adabu, arudie hapo mwisho. Mheshimiwa anasema hotuba haina marudio. Vijana sita wa Songo Mnara wanapanda jukwaani na kamba na mti wa kubebea.)

Ndugu wananchi, tulieni, tulieni, kuna utaratibu. Karani, utaratibu ni upi?

(Nilijibu kwamba utaratibu ni wafike wenyewe, na wamefika. Ni neno pekee nililosema siku hiyo.)

Basi. Basi, ndugu zangu, kama mnavyoona, hii ndiyo Awamu ya Tano, ambayo nilikuwa nikiifanya iwe siri, awamu ya injini kwenda kwa wananchi. Injini hoyee.

(Hoyee, wanaitikia walioibeba, bila kugeuka.)

Maendeleo hoyee. Australia hoyee. Zege hoyee.

(Ile ya zege hawakuitikia. Lilikuwa limeshaanza kuganda.)

Nawashukuru kwa kunisikiliza.

Hapo ndipo mwisho wa hotuba, ndugu msomaji. Katika ile niliyoagizwa kuiandika, wananchi wananyoosha mikono yote miwili. Leo ni Alhamisi na sijaiandika. Niko likizo ya ugonjwa ambao daktari bado hajauona.

Ukinihitaji, usipige simu ya ofisi, inalia mezani kwake. Usiniandikie barua yenye mhuri, nikiona mhuri naruka majini, na sijui kuogelea. Nenda gati la Masoko asubuhi, usiulize karani, uliza boti ya zahanati. Kama haipo, subiri, iko njiani na mtu. Utaisikia kabla hujaiona, na imebaki nyeusi kwa sababu Mfaume amekataa kupoteza mchana kwa kukwangua. Mimi nimekaa nyuma na daftari, Maimuna amenipa kazi ya kuandika majina na saa za kufika. Ukinikuta nimeshika mkono wa mtu mwenye uchungu, usiniite. Kaa pale gatini mpaka tumpandishe hospitali.