Kisu cha Mguu wa Kuku

Jumatatu, 4 Agosti

Wee Mchungulia-Daftari, karibu! Najua umelikuta chini ya godoro langu. Soma, ila usimwambie Tongesayi.

Leo nimeiba. Hapana, nimeazima! Kisu cha marehemu Babu, kutoka kwenye furushi la vitu vyake lililofungwa tangu tumzike mwaka jana. Mwiko kuligusa mpaka Jumamosi, siku ya kuirudisha roho yake nyumbani, ndipo vitu vigawiwe. Lakini bwana mmoja wa makumbusho mjini kaniambia kwenye simu anatafuta visu vya mhunzi asiyejulikana jina. Alama yake mguu wa kuku, kaificha ndani ya mpini. Vimeonekana viwili tu mpaka leo. Nikimpelekea cha tatu, kimesafishwa vizuri, ananiajiri kwenye karakana yake. Kazi! Mimi, niliyejifunza ufundi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka!

Mpango: nifungue, nione alama, nisafishe, nirudishe Ijumaa. Jumamosi nikiombe kwa adabu. Nani atanibishia? Kina kutu kama sufuria ya mbwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua waya wa shaba kwenye mpini. Harufu ya ugoro ikanipiga, ule ule wa Babu. Nikapiga chafya tatu. Ya nne haikuwa yangu.

Nikachungulia nyuma ya banda. Mbuzi. Nimeamua alikuwa mbuzi.

Alama ipo! Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Nimecheza peke yangu. Kutu nimeing'oa kwa siki na majivu. Waya nimeuzungusha upya, kuelekea kulia. Umependeza!

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nimeukuta waya umezungushwa kushoto. Umekazwa, safi kuliko kazi yangu. Inauma.

Ni Tongesayi tu! Binamu yangu huyo, mtoto wa baba mkubwa Ruramai. Ana uhakika atarithi jina la Babu, mpaka kanunua kofia ya shughuli. Nikamuuliza kwa kuzunguka kama anajua mambo ya waya. Akanipima homa kwa kiganja. "We hata ufagio unakushinda kufunga, leo umekuwa fundi waya?"

Nimeufungua. Nimeuzungusha kulia tena. Tuone!

Alhamisi, 7 Agosti

Kushoto tena. Na kisu kilikuwa ndani ya sanduku, kufuli limefungwa, ufunguo shingoni mwangu.

Nimemuuliza Bibi, kijanja, kama zamani palikuwa na mhunzi aliyezungusha waya kushoto. Kacheka mpaka kakaa chini. Mhunzi gani tena, mume wangu? Babu yako huyo, mashoto mkubwa! Eti ujanani alifua visu kwa siri, maana baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa na alisema uhunzi ni kazi ya mizimu. Hakumwambia mtu ila Bibi.

Kisha akaacha kucheka. Akauliza tangu lini mimi nashika mswaki kwa kushoto.

Sijui.

Lakini mhunzi asiyejulikana nimemjua! Kazi yangu hiyo!

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekirudisha. Hakuna aliyeona. Mimi ni jini!

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa. Pombe ya ulezi ilijaa, ngoma zikalia. Mtani wa ukoo wetu, Mzee Matambanadzo, kavaa koti la Babu, kamuigiza anavyokohoa, watu hoi. Akafungua furushi.

Kila mtu akasogea kuchungulia.

Vitu vyote vina vumbi la mwaka mzima. Kisu kinang'aa kama jino la bwana harusi. Sikuliwaza hilo!

Mtani akauliza nani kagusa. Akapitisha kibuyu cha ugoro. Zamu yangu ikafika, nikanusa. Kwa gumba la kushoto. Kama Babu! Nikapiga chafya, na chafya haikuwa yangu. Bibi akaangusha kata ya pombe.

"Nyie mnahangaika na kofia ya Tongesayi," mtani akapaza sauti, "mzee kashajichagulia!"

Kisu mkononi mwangu, jina la Babu juu yangu. Baba mkubwa Ruramai, mvi zote zile, akapiga magoti na makofi, akaniita kwa jina la sifa la ukoo wetu: "Simba, karibu nyumbani, Baba." Nina miaka ishirini na mbili!

Mwenye jina hatoki. Anakaa, anaamua ugomvi wa ng'ombe. Na kisu cha jina hakitoki nje ya ukoo. Kazi imekwenda na maji.

Alhamisi, 14 Agosti

Haijaenda! Nina akili, asikudanganye mtu. Nimefua kisu kingine kwa springi ya gari bovu. Mkono wa kushoto umefanya karibu kila kitu, mimi nilikuwa natazama tu. Nikagonga mguu wa kuku, nikatuma picha za vyote viwili. Bwana wa makumbusho kajibu: vyote vya mhunzi yule yule, habishani na mtu. Niripoti kesho na kimoja. Nani kasema mizimu haina faida?

Bibi kauliza naenda wapi na begi. Nikamwambia dukani. Kasema, kwa jina alilomwitia Babu, "Haya, Baba Ruramai, usichelewe kama ile mara."

Ile mara ipi?

Nimevilaza vyote juu ya taulo, nifunge kile cha springi. Sasa sijui kipi ni kipi. Kimoja kinanuka ugoro. Hapana, vyote. Basi linaondoka saa mbili.

Mchungulia, we ungebeba kipi?