Maadui wa Lifti Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Paa! Hatimaye Bibi yuko chini ya paa. Bibi ni gari langu. Miaka yote nimemwegesha kule nyuma kwenye mapipa ya taka, juani, mpaka dashibodi ikapasuka. Sasa Afisa Utumishi kaleta mpango wa kuchangia magari: mwenye gari akija na wenzake watatu, anapewa nafasi ya kivuli karibu na mlango. Nafasi ilibaki moja. Nimeipata mimi!

Abiria wangu ni Mama Faili wa masjala, anayekaa mbele kwa ajili ya magoti yake, na nyuma Dada wa Mapokezi na Fundi Kompyuta. Tumefika tunacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifika kazini na mtu wa kucheka naye. Wao wakaingia kwenye lifti ya jengo, mimi nikapanda ngazi kama kawaida. Sanduku linaloning'inia kwenye kamba silipandi ng'o.

Mhasibu, mwenye gari jeupe jipya na meno ya tangazo la mswaki, kanipa mkono na kusema hongera. Hongera ya nini? Yeye ndiye aliyekuwa anakitaka kivuli hicho. Nimekagua vidole vyangu baadaye. Vyote vipo, kwa sasa.

Jumanne, 5 Machi

Nimejua! Nilikuwa nimeinama nyuma ya mtungi wa maji ya kunywa, nafunga kamba ya kiatu. (Kamba ilikuwa imeshafungwa, lakini hayo yaachwe.) Mama Faili akamwambia Dada wa Mapokezi kwamba lifti imemchosha. Inanuka. Inatikisika kama ina homa. Mlango mpaka upigwe ngumi. Iko siku itawaua! Dada akajibu kwamba ameshamfikishia Mhasibu malalamiko, naye ameahidi lifti mpya, wavumilie kidogo tu.

Mhasibu! Lifti mpya! Nikabaki pale chini mpaka miguu ikafa ganzi.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akaniuliza kama nina hakika walikuwa wanasema gari. Nikamwambia walisema lifti, na lifti wanayopewa wanapewa na mimi. Akasema haya, akaendelea kupiga pasi. Hata yeye kuna kitu ananificha.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimejibu mapigo. Kuhusu harufu, nimemwaga chupa nzima ya manukato kwenye viti. Kuhusu mtikisiko, nimeendesha mwendo wa konokono. Mlango nimeupaka grisi.

Mama Faili kapiga chafya njia nzima, machozi yanamtiririka. Machozi ya msaliti, hayo. Fundi Kompyuta katoa kichwa dirishani kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Dada kashuka na grisi kwenye sketi. Tumechelewa wote. Afisa Utumishi katutazama, katazama saa, kaguna. Na pamoja na jasho langu lote, hakuna hata mmoja aliyesema asante.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimewabana. Mlango wa nyuma wa Bibi haufunguki kwa ndani, mpaka mimi nishuke niuvute kwa nje. Tulipofika chini ya paa sikushuka. Nikauliza, kwa upole kabisa, ni nani humu ndani amechoshwa na lifti. Wakatazamana.

"Kaka, nani hajachoshwa?" akasema Dada wa Mapokezi. "Hata Mkurugenzi analalamika."

Hata Mkurugenzi! Mtu ambaye hajawahi kukanyaga ndani ya Bibi! Kumbe nimeshachafuliwa jina mpaka ghorofa ya juu. Nikawaambia kwamba kama lifti imewachosha watafute nyingine. Fundi Kompyuta akauliza nyingine wataitoa wapi na iko hiyo hiyo moja. Basi, akasema, watapanda ngazi. Ngazi! Kejeli ya wapi hiyo? Mama Faili, kwa kuwa alikaa mbele, angeweza kushuka zake. Hakushuka. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa, akaniuliza kama asubuhi nilikunywa chai.

Ijumaa, 8 Machi

Wasije wakaniacha, nimewaacha mimi. Nimezima simu, nikapita mapema pale kituoni ninapowachukua, mtu hayupo. Raha iliyoje!

Raha iliishia getini. Mlinzi akachungulia ndani ya gari, akauliza watu wangu wako wapi, kisha akaninyooshea kidole kule kwenye mapipa. Nikakaa garini nimenuna mpaka jua likawa kali, ndipo gari jeupe likaingia. Mhasibu usukani, Mama Faili pembeni yake, Dada na Fundi nyuma. Moja kwa moja chini ya paa. Si nilisema?

Nikaingia ndani nimefura. Pale chini nikakuta mlango wa lifti ya jengo uko wazi, mafundi wawili wanavuta makamba, na tangazo limebandikwa: Lifti inabadilishwa, tafadhali tumieni ngazi. Nikalisoma. Nikalisoma tena. Mama Faili akaja akasimama karibu yangu, mkono kwenye goti, anaziangalia zile ngazi.

"Tumekusubiri mpaka jua likatuchoma," akasema. "Simu haipatikani. Nikajua umeugua, maana wiki nzima hauko sawa. Tulikuwa tunakuja kwako kwa miguu, ndipo Mhasibu akatukuta njiani."

Kwa miguu. Na magoti yale. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kuchoma masikio. Nikasema saa yangu ilinidanganya. Akasema hamna neno, saa ni saa. Jumatatu watarudi kwangu, kwa sababu Mhasibu njia nzima aliwaeleza habari za kodi. Nikamshika mkono tukapanda naye ngazi taratibu, mpaka juu.

Jumatatu, 11 Machi

Wamerudi! Tumecheka tangu kituoni. Bibi yuko chini ya paa. Na habari njema zimefuatana: Mhasibu amehamishiwa tawi jingine, Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Kanipa mkono tena, na safari hii sikukagua vidole. Sasa nahofia nini? Nimemwapia mke wangu kwamba sitamshuku mtu tena maishani. Akasema haya.

Jumatano, 13 Machi

Leo njiani nimeona kwenye kioo Dada na Fundi wananong'ona. Nikapunguza redio kidogo kidogo, wasijue. Nimeyasikia yote! Dada kasema Ijumaa tunamuaga. Fundi kasema tumuage kwa heshima, alikuwa mtu mzuri, basi tu muda wake umefika. Halafu Mama Faili kageuka, kaweka kidole mdomoni na kusema asijue mpaka siku yenyewe.

Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa! Na tuliposhuka, bila haya, wameniomba Ijumaa niwahi kuwachukua, kuna keki ya kubeba. Wananiaga mimi, na keki yenyewe niwabebee mimi!

Mhasibu nimeshamsahau, anaondoka zake. Hawa sasa wamepata nani mwingine wa kuwapa lifti? Nitamjua tu. Mke wangu kaniuliza naandika nini kwa hasira hivyo. Nimemwambia aniamshe Ijumaa mapema sana. Wasije wakaniaga, nitawaaga mimi.