Mipangilio ya Akaunti Yetu Imekamilika

Mheshimiwa Mama Mkwe, mlezi wa binti ambaye tabasamu lake limenifanya mimi, fundi friji, niharibu kazi nyingi za watu, Mheshimiwa dada yangu, wifi pekee wa nyumba hii na kiongozi wa upinzani tangu tukiwa wadogo, Mheshimiwa shemeji, Bwana Chaja, uliyefika na simu iliyozimika kama ilivyo desturi yako, Mheshimiwa jirani, fundi cherehani, uliyekuja kuazima mkasi na sasa umeshavua viatu, na juu ya wote, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mke wangu mpenzi, muuguzi daraja la pili kazini na daraja la kwanza moyoni mwangu (makofi, Bwana Chaja anapiga mluzi), na kama kuna niliyemruka, ajihesabu ametajwa.

Nimesimama juu ya kigoda hiki, mbele ya kabati la vyombo, kwa unyenyekevu mkubwa ambao ninyi nyote mnauona, ili niwasilishe taarifa ya utekelezaji wa Mradi wa Kimkakati wa Mipangilio ya Akaunti ya Soma Baadaye. Kwa faida ya wadau ambao hawakuhudhuria semina elekezi, yaani Mama (“Semina ipi? Si uliniambia njoo tule?”), napenda kufafanua kwamba Soma Baadaye ni programu ya kwenye tovuti. Unakutana na hadithi, huna nafasi, unaibofya, nayo inakwenda kukungoja kwenye akaunti yako. Na akaunti ikipangwa kitaalamu, hadithi inashuka na kukaa ndani ya simu yenyewe, ukaisoma hata mahali ambapo mtandao haujawahi kukanyaga.

Na huko, ndugu wajumbe, ndiko mke wangu anakokwenda kesho asubuhi. (Mama Mkwe anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa.) Amepangiwa zahanati ya huko milimani kwa miezi mitatu. Mtandao hakuna. Mume hakuna. Kuna hadithi moja tu ya kumfariji, ile ya fundi saa na binti wa posta, ambayo tumekuwa tukiisoma pamoja, sehemu kwa sehemu, kila jioni tangu tuoane, kichwa chake begani kwangu na bega langu likifa ganzi kwa furaha. Niliapa mbele ya mashahidi kwamba hataondoka bila hadithi hiyo simuni. Kwa hiyo niliunda Kamati, nikajiteua Mwenyekiti, nikajipongeza kwa uteuzi, kisha tukaingia kazini.

Awamu ya kwanza ilihusu picha ya wasifu. Baada ya upembuzi yakinifu na mashauriano ya kina, Kamati iliridhia picha ya harusi, ikaipunguza pembeni ili tuenee sisi wawili. (“Na mimi niliyekuwa nimesimama kulia kwako?” anauliza Mama Mkwe.) Mama, ulihamishiwa nje ya fremu kwa muda, na utarejeshwa pindi bajeti itakaporuhusu. (Kicheko. Mama Mkwe hacheki.)

Awamu ya pili ilikuwa rangi ya ukurasa, ambapo Mgeni Rasmi alitaka nyeupe, mimi nikataka nyeusi, na tukafikia maridhiano ya kihistoria kwa kuchagua ile ya maziwa na chai, kwa sababu ndiyo inayolifaa zaidi jicho lake la kushoto, jicho ambalo, ndugu wajumbe, kama mngelitazama kwa karibu kama ninavyolitazama mimi (“Shuka hapo!” anapaza sauti dada wa Mwenyekiti), basi, tuliache jicho. Tukaja kwenye ukubwa wa herufi. Wengine hupanga herufi kwa kutumia macho. Sisi tulipanga kwa kutumia mabega: herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomwa na watu wawili walioegemeana, lakini zisiwe kubwa kiasi kwamba mmoja aweze kukaa mbali. Hivyo ni viwango vya kimataifa. Tuliweka pia arifa, ili kila jioni simu imwambie, “Kuna anayekungoja.” Na tuliweka nenosiri imara, ambalo kwa sababu za kiusalama siwezi kulitaja hadharani. (“Ni jina la dada yangu!” anasema Bwana Chaja. “Na tarehe ya harusi,” anaongeza fundi cherehani.) Nawashukuru wadau kwa kulihakiki.

(“Mheshimiwa,” anasema dada wa Mwenyekiti, “ile swichi ya kupakua hadithi, uliiwasha?”)

Swali zuri sana. Litajibiwa kwa maandishi.

(“Andika sasa hivi, tunasubiri.”)

Ndugu wajumbe, msikubali kupotoshwa na watu wachache wasioitakia mema nyumba hii. Changamoto hazikukosekana. Kila jioni tulipofungua ukurasa tulikuta mipangilio yote imerudi kama ilivyokuwa: picha haipo, rangi imepotea, herufi zimekuwa punje. Serikali nyingine zingekata tamaa. Sisi tuliuzindua mradi upya, palepale, kwenye kochi, kwa ari na nguvu zilezile! Onyesheni mradi mwingine wowote uliozinduliwa mara nyingi kama huu! Takwimu zinajieleza zenyewe: kila jioni utekelezaji ulifikia asilimia mia moja, na kila kesho yake sifuri, hivyo wastani wetu ni asilimia hamsini, kiwango ambacho mimi shuleni nilipewa cheti kwa ajili yake. (Makofi ya Bwana Chaja peke yake.)

Mapenzi oyee! (“Oyee!”) Herufi kubwa oyee! (“Oyee!”) Bega moja, simu moja! (“Simu moja!”) Mwenyekiti... (“Swichi! Swichi!”)

Naam. Kabla sijashuka, niwashukuru nyote kwa kuja kumuaga mwenzangu. Shukrani za pekee ziwaendee watengenezaji wa programu hii, ambao muda wote huo waliweka tangazo juu kabisa ya ukurasa, na mimi kila jioni nikalifunga kwa sababu lilikuwa linaziba nywele za mke wangu pichani. Leo mchana, nikiwa nimelala chini ya friji ya mteja, nililisoma. Linasema kwamba ule ni ukurasa wa kujaribia tu, kwamba lolote unalolipanga pale hufutika ukiondoka, na kwamba mwenye nia ya kweli afungue akaunti. Ndugu wajumbe, akaunti hatujawahi kuifungua. Tulikuwa tunapanga mipangilio ya kitu ambacho hakipo. Asanteni kwa kunisikiliza.

(“Sasa mwenzio anaondoka na nini?” anauliza dada wa Mwenyekiti, safari hii bila mzaha.)

(“Nilijua tangu jioni ya pili,” anasema Mgeni Rasmi.)

Ulijua? Mbona hukuniambia, mpenzi?

(“Ulikuwa umenikalia karibu hivi, unaniuliza, ‘Na herufi hii je, unaiona vizuri?’ Ningekuambia ili uhamie kiti kingine?” Anatoa simu yake. “Akaunti nilifungua mwenyewe kule kazini. Hadithi imo, nimeijaribu bila mtandao. Isipokuwa sehemu ya mwisho. Hiyo sikuihifadhi.”)

Kwa nini?

(“Utaniletea.”)

(“Mpeni maji huyu, atadondoka,” anasema Mama Mkwe.)

Ndugu wajumbe, Kamati imevunjwa. Bwana Chaja, shemeji yangu, basi la huko milimani tiketi zake hukatwa wapi?