Kompyuta Inayoimba kwa Sauti ya Kinanda

Kahawa ya muuzaji Jumanne pale Kiegeani, kisiwani Mafia, ilikuwa haijapoa Tofiki alipoinua simu juu. Wanamwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Jamani! Wale wa chuo kikuu waliokuja kumrekodi Kinanda wametuma majibu! Maabara yao ya muziki imeifundisha kompyuta kuimba kwa sauti yake!"

Kinanda, jina lake hasa Mkadam, akajikohoza. Yeye ndiye mwimbaji bingwa wa harusi kisiwani, kwa kauli yake mwenyewe, na Ijumaa alitarajiwa kuimba kwenye harusi ya Husna.

"Sasa dunia nzima itanisikia."

"Dunia imekosa nini?" akauliza Hafidhi Nahodha, asiye na hata mtumbwi.

Redio akabonyeza. Sauti ilikuwa ya Mkadam kabisa, tena tamu. Moyo ukamruka kwa furaha. Mara wimbo ukakatika: "Waaleikumu salaam! Za huko Utende? Watoto wazima?" Ukaimbwa ubeti mmoja, ukakatika tena: "Marahaba! Mbona umeadimika?"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Mtaalamu wao, Bi Shamsa, anasema kompyuta imesikiliza rekodi zote," Redio akasoma, "ikaona nyimbo za Mafia zina salamu kila baada ya ubeti."

"Si walinirekodi hapahapa barabarani!" Mkadam akafoka. "Mtu akupe salamu, umkaushie? Si utaambiwa unaringa mpaka kijiji cha Kanga!"

"Walitaka mkarekodi darasani, penye utulivu," Jumanne akasema. "Ukadai bila kahawa yangu sauti haitoki."

Hapo akapita Bimkubwa, mama yake Husna, akasimama kusikiliza. Mkadam akaruka kutoka kwenye benchi.

"Shikamoo, mama! Usiwasikilize hawa. Ijumaa nakuja mwenyewe, mzimamzima."

"Marahaba. Usijisumbue, baba. Tutaweka hiyo ya kwenye simu."

"Mama! Inakatiza wimbo kusalimia watu!"

"Inakatiza. Lakini ikishasalimia inarudi kuimba. Wewe kwenye harusi ya Hamisa ulianza kusalimia wageni kwenye ubeti wa pili, mpaka bibi harusi anaingia ndani ulikuwa bado unaulizia hali ya minazi."

Nahodha akamwaga kahawa kwa kucheka. Ilimuuma Mkadam, maana ilikuwa kweli tupu.

"Basi nialikwe hata kama mgeni," akasema kinyonge.

"Umealikwa. Tena ukae karibu na spika, ikisalimia uwe unaitikia wewe."