Maji Juu ya Ukuta

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imenyesha Mwala, hatimaye. Mwanangu Musembi anaota meno, sijalala. Lakini leo nimemshinda Wayua.

Jirani yangu Kavutha amerudishwa nyumbani. Sote tunamwita Susu, yaani nyanya. Hospitali wamesema apewe tu chakula anachotaka. Mwanawe yuko Mombasa, simu hashiki. Nani atamtunza? Kanisa, anasema Wayua, mwenyekiti wa akina mama. Mimi, nasema mimi.

Siamini Mungu tangu tulipomzika Ndunda, kifungua mimba wangu. Huyo huyo Wayua alinishika bega, akaniambia Mungu alimpenda kuliko mimi. Kuliko mimi! Sijaingia kanisani tena.

Mpango: kijiji kizima kione kwamba mtu anaweza kuwa mwema bila kutazama juu. Nilifika na uji kabla jua halijatoka. Wayua alipokuja na wenzake, Susu alikuwa ameshiba. Badala ya kuona haya, Wayua akawaambia wenzake kwamba Mungu humtumia hata asiyemjua. Kwa hivyo mimi ni jembe lake. Nimekasirika mpaka sasa.

Jumatano, 5 Novemba

Nilimwogesha Susu asubuhi. Wayua akaja, akachungulia nyuma ya masikio, akamwogesha tena. Susu alisema tukimrudia mara ya tatu ngozi itaisha. Akanywa uji wangu. Akanywa na wa Wayua, kwa adabu. Akatapika wote. Wayua anasema ni wangu ndio ulikuwa na maziwa yaliyolala. Wangu!

Kisha Susu akatushika mikono, mmoja huku, mmoja huku, akasema ana haja moja tu. Apelekwe mtoni, aone maji yakipita juu ya ukuta wa bwawa la mchanga. Ukuta huo waliujenga yeye na wanawake wenzake wa mwethya, leo kazi kwako, kesho kwangu, mawe mgongoni. Wenzake wote wameshazikwa. Na maji hupita juu siku chache tu baada ya mvua kubwa, halafu yanazama mchangani, ambako tunayachota kwa kufukua.

Nikasema nitampeleka. Wayua akasema atampeleka. Tulisema pamoja, kama kwaya.

Ijumaa, 7 Novemba

Mto umefurika! Maji mekundu, yananguruma mpaka huku kwetu. Nilimwomba Kisilu mkokoteni wake wa punda, nikautandika godoro langu mwenyewe. Nikampaka Susu mafuta, nikamfunika blanketi. Akaomba kile kitambaa chake kizuri cha kichwa.

Tuko mlangoni, Wayua huyu hapa. Kumbe amepanga safari ya Jumapili baada ya ibada: akina mama wote na sare, nyimbo, na mchungaji aombe pale ukutani. Nikamwambia maji hayahitaji maombi ndio yatazamwe. Akasema Susu ni muumini, hawezi kwenda safari kama hiyo mikononi mwa mpagani. Nikamwita mnafiki. Akasema ananiombea. Nikamwambia auombee ulimi wake kwanza. Tuliendelea hivyo mpaka punda akaanza kula nyasi za paa la jiko.

Mwishowe nikamuuliza Susu mwenyewe anataka kwenda na nani.

"Na yeyote," alisema. "Maji hayangoji mtu."

Wayua akasema unaona, hajakataa Jumapili. Nikasema hajakataa leo pia. Kisilu alikuwa na matofali ya kupeleka. Akashusha godoro, akaenda zake. Susu akarudi kitandani na kitambaa chake kizuri kichwani.

Jumapili, 9 Novemba

Jana nilitumia akili. Nilimwambia Kisilu kwamba Wayua anamtangaza kuwa mlevi. (Ni kweli alisema. Mwaka juzi.) Kisilu akaapa mkokoteni wake hautabeba mtu wa kanisa. Nikamwomba aje kwangu Jumatatu asubuhi.

Leo wamekuja na sare, nyeupe mpaka macho yanauma. Mkokoteni hakuna. Wakamkalisha Susu kwenye kiti cha plastiki, wakakiinua, wakaanza wimbo. Hawakufika kwa geti. Alilia kwa maumivu, wimbo ukakatika katikati.

Nilikuwa nyuma ya ua nikitazama. Nilifurahi. Halafu nikaona mkono wa Susu unapapasa hewani, unatafuta pa kushika. Nikapita kwenye miiba ya ua, gauni likararuka, nikaushika. Wayua alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia bila kufunga macho.

Kesho. Kesho nitampeleka mimi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilianzia mtoni, kuhakikisha. Ukuta mkavu. Mchanga umelowa, basi.

Nilimkuta Wayua kwa Susu, amekaa sakafuni, anamsugua mguu mmoja. Ulikuwa baridi. Nikachukua wa pili. Susu akafumbua macho.

"Maji bado yanapita?"

Wayua alinitazama. Alikuwa amepitia mtoni pia, viatu vyake vilikuwa na mchanga. Huyu mwanamke hasemi uongo, hata bei ya kuku haongezi.

"Yanapita, Susu," akasema.

"Yanapita juu kabisa," nikasema mimi.

Susu akatabasamu. Hakusema kingine. Tuliendelea kusugua hata baada ya pumzi yake kuisha. Nadhani mguu niliousugua mimi ndio ulikuwa wa mwisho kupoa.

Kisilu akafika na mkokoteni, godoro limetandikwa tayari. Nikamwambia arudi. Woi, Susu.

Jumamosi, 15 Novemba

Tumemzika. Mwanawe alikuja na miwani ya jua. Wayua akasimama mbele ya watu, akasema Susu alikufa akitaja jina la Bwana. Nilikuwepo mimi! Neno alilotaja ni maji. Uongo, mbele ya jeneza. Mimi sihukumu watu, hiyo nawaachia watu wa kanisa, lakini mwongo ni mwongo. Nililia sana. Kuliko yeye. Watu waliona.

Nikarudi kwa njia ya mtoni, Musembi mgongoni. Nikafukua mchanga kwa kata, maji yakaja, safi, baridi. Nilikaa hapo. Nikamwonyesha mtoto ukuta, nikamwambia ni nani aliyebeba mawe. Alicheka, akapiga maji kwa mkono. Kwa kitambo kidogo nikatamani Wayua angekuwa hapo naye.

Ilipita haraka. Njiani nimesikia mzee Nzioka anakohoa tangu jana, na hana mtu. Wayua hajapata habari. Ndengu nimeshaloweka. Kesho, kabla jua halijatoka.